Chafya Iliyovunja Ubavu

Ndugu zangu wa kikundi hiki cha figo, na ninyi mliotusindikiza, nitaongea nimekaa, mnisamehe. Hadi leo sijaamini: mimi mama mzima nilivunjika ubavu kwa kupiga chafya.

Chafya, jamani! Nilikuwa uani napepeta mchele, vumbi likaniingia puani. Nikasikia "ka!" kifuani, nikakaa kwenye pumba. Mwanangu alidhani natania.

Nirudi nyuma. Figo ziliposhindwa kazi nilianza kusafishwa damu kwenye mashine, hapa Ifakara. Baadaye mifupa ikawa inauma, ngozi inawasha hadi najikuna kwa gunzi la hindi. Nikasema, mifupa hii inataka maziwa.

Na maziwa nilikuwa nayo. Jirani yangu mfugaji, ng'ombe wake waliwahi kula mpunga wangu, tukakosana nusura tushikiane mapanga. Siku tuliyopatana alileta kibuyu cha maziwa, na tangu hapo akawa analeta kila asubuhi. Kuyakataa ni kurudisha ugomvi. Nikanywa. Juu yake supu ya mifupa, na dagaa. Nilijipongeza!

Baada ya ile chafya nikapelekwa hospitali, daktari akaniuliza ninakula nini. Nikamtajia kwa majivuno. Akaweka kalamu chini.

"Mama, hivyo vyote vina madini ya fosforasi kwa wingi. Figo zako haziitoi, na mashine inatoa kidogo. Ikijaa kwenye damu, mwili unanyonya kalsiamu kutoka mifupani. Na vile vidonge tulivyokupa ulipoanza mashine, unameza wakati wa kula?"

"Hapana, nikienda kulala."

"Vinakamata fosforasi ndani ya chakula. Tumbo likiwa tupu vitakamata nini?"

Ndugu zangu! Kumbe nilikuwa nakunywa mifupa yangu mwenyewe!

Nikabaki na hofu ya kibuyu. Jirani alipokuja nikamwambia, machozi yakinitoka.

"Dada, kumbe ni mimi nimekuvunja?"

"Hapana, hatukujua."

Akachukua kibuyu chake, akaondoka. Nikajua amani imekwisha.

Leo ubavu umeunga, na muwasho umepungua. Namshukuru daktari, na mwanangu asiyeniruhusu kugusa ubwabwa kabla sijashika kidonge. Nanyi mkiletewa chakula cha upendo, kwanza ulizeni kule kwenye mashine.

Na jirani? Kesho yake nikamwona anakuja na kibuyu kilekile. Akaketi mlangoni, akaomba kikombe, akajimiminia, akanywa mpaka tone la mwisho huku akinitazama.

"Haya," akasema, "tumekunywa."

Na kila asubuhi tunakunywa hivyo.