Bi Mizani na Muhula wa Kimya

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha ushairi na tenzi katika shule yetu, Bi Mizani anastaafu tarehe thelathini Juni. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa kuwa mtu yeyote akisema, vidole vyake huanza kuhesabu silabi. Mkuu wa shule ameshaarifiwa kwamba tangazo lake la kila asubuhi, "Chomekeeni mashati," lina mizani nane kamili.

Alipofika hapa, mbichi kutoka chuoni, ushairi ulikuwa kipindi cha kusinzia baada ya chakula cha mchana. Yeye akawasimamisha wanafunzi, akawagawia nafasi za utenzi: huyu mfalme, yule mjumbe, safu ya dirishani jeshi. Usingizi ukahama. Ukuta wa darasa lake ni mwembamba, na mimi ninayefundisha hesabu upande wa pili nimekwisha kusahihisha mtihani wa aljebra uliojibiwa kwa vina.

Kisha akaota kivimbe kooni. Alipofanyiwa upasuaji, daktari alimpiga marufuku kusema, hata kunong'ona, mpaka muhula uishe. Mumewe, fundi cherehani, anasimulia kwamba mkewe alilia bila sauti, maana hakuna aliyejua kama sauti ingerudi. Uongozi ukataka kipindi chake apewe mwingine. Bi Mizani akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa ofisini: "Nitakuja."

Akaja. Wanafunzi wakajisomea utenzi wa shujaa anayemwacha kaka yake vitani ili awahi kuuokoa mji. Mizani ikipelea, mwalimu aligonga meza. Siku moja ubishi ukalipuka.

"Kaka hauzwi dukani!" akafoka mmoja.

"Na mama zetu waliomo mjini, je?" akarukia mwenzake.

Wote wakamgeukia mwalimu. Zamani angetoa jibu. Safari hii aliinua mabega tu, akatabasamu. Basi wakabishana hadi kengele, na kesho yake wakarudi na beti za kuthibitishia hoja.

Sauti ilirudi, yenye mkwaruzo kidogo. Siku ya kwanza alipofungua kinywa afafanue, msichana mmoja akanyoosha mkono: "Samahani, mwalimu, tuache kidogo. Bado hatujamaliza." Bi Mizani akaketi. Tangu hapo amekuwa akisema nusu ya alivyozoea, na matokeo ya fasihi yamekuwa yakipanda.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, aliomba kipindi kimoja akae dawati la nyuma, asikilize tu. Wiki iliyopita tulimpa. Alitoka macho yamelowa, akacheka: "Hawa wamenipita!"

Ahsante sana, dada yetu. Nenda kwa mzee wako na wajukuu, ule ukiwa umekaa, ulale bila kuwaza kusahihisha. Afya ikuandame, na nyumba yako isikaukiwe na vicheko.