Mzee Chenge wa Mizani, Mtu Aliyekonda Mara Mbili

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Ndugu Chenge Mihayo, karani wetu wa mizani, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1999. Aliajiriwa hapa jineri ya Buswelu, kiwanda chetu cha kuchambua pamba, mwaka 1968, enzi za ushirika, akiwa kijana mwembamba wa kubeba marobota ya pamba. Picha ipo ofisini. Asiyeamini aje aione.

Miaka mitano baadaye alikabidhiwa mizani, na hapo ndipo alipojenga jina. Ushirika ulipoyumba, mwekezaji akaingia, na wanunuzi binafsi wakajaa vijijini, kila mmoja na mizani yake ya ajabu ajabu. Wakulima waliwapita wote hao, wakaleta pamba kwa Chenge. Mkulima akiwa na wasiwasi, mzee alipanda mwenyewe juu ya mizani ili kila mtu asome, na foleni nzima ilicheka, maana mwaka hadi mwaka namba ilikuwa inapanda.

Kitambi kile tulikihesabu kuwa sifa. Usukumani, na hata kwetu Bukoba, mtu mwenye mwili ni mtu aliyefanikiwa. Alichokijua yeye na mkewe Getruda peke yao ni kwamba tangu 1995 alikuwa na ugonjwa wa sukari, na Daktari Osward Mutayoba alikwishamwambia apunguze uzito kabla haujamharibia macho na miguu.

Mwaka 1996 kituo kimoja cha televisheni hapa mjini kikaanzisha mashindano ya wanene, "Kitambi Kwaheri": wiki kumi, kupimwa kila Jumamosi kwenye ukumbi mmoja pale Mirongo. Mizani waliyoazima kwanza iliishia kilo mia na ishirini, na mshiriki mmoja, muuza nyama, akaipita. Wakaja kuomba yetu. Chenge akagoma kuiachia iende peke yake. Akafuatana nayo, mtangazaji akamtazama kutoka juu mpaka chini, na jioni mzee wetu akarudi akiwa mshiriki namba sita.

Jamani, tulicheka! Kila Jumamosi tulijazana mbele ya televisheni ya baa kumwona akitafuna kabichi, akinywa maji ya moto, akipandishwa mlima wa Bugando mbio huku kamera ikimfuata. Alianza na kilo 118, akamaliza na 89, akashinda. Zawadi ilikuwa friji na ndoo mbili za mafuta ya kula, kwa sababu mdhamini alikuwa muuza mafuta.

Furaha hiyo haikumaliza mwezi. Suruali zilimpwaya, mashavu yakaingia ndani. Mkulima wa Magu au Sengerema hana televisheni. Alichokiona yeye ni Chenge amekwisha. Miaka hii kila mmoja wetu amezika, na mtu akikonda ghafla tunajua tunachokiwaza. Mnong'ono ukaanza kwamba mzee amekanyaga waya, yaani ameukwaa Ukimwi, na kwamba mashindano yalikuwa kisingizio tu. Shemeji zake walivuka kutoka Nansio kuja kumwona, wakamlilia akiwa hai, amekaa kitini.

Basi akala. Alikaa kwenye kibanda cha mama lishe mbele ya geti, mahali pa kuonekana, sahani mbili za ugali na nyama ya mafuta, na soda juu yake. Njaa hakuwa nayo; alikuwa anajitetea. Katika miezi minane alifika kilo 121, nasi bila aibu tukampongeza kwamba sasa amependeza, mwili umerudi. Loo!

Septemba 1997 kiatu kilimchubua kidole cha mguu wa kushoto, asisikie maumivu yoyote. Alilazwa wiki tano. Daktari Mutayoba alimweleza waziwazi kwamba sukari isiposhuka, mguu utakatwa.

Aliporudi kazini, akitembelea gongo, aliomba wafanyakazi wote tukusanyike. Akatuambia ugonjwa wake kwa jina. Akasema atakonda tena, safari hii polepole, na anaomba asisingiziwe, asililiwe wala asilishwe. Hapakuwa na kamera wala mdhamini. Getruda alibadilisha chakula cha nyumba nzima: ugali wa dona wa kiasi cha ngumi, nusu sahani mboga za majani, sato wa kuchemsha. Kidonda kilipofunga, mzee aliacha kupanda gari la kampuni, akawa anakuja kwa miguu. Mwezi mmoja hupungua kilo, mwezi mwingine hola. Msimu wa harusi aliongezeka kilo tatu, akatuambia mwenyewe, akaanza upya. Ilimchukua zaidi ya mwaka kufika kilo 95, na tangu Januari hajatoka hapo. Leo tuko sita tunaotembea naye asubuhi, na sukari yake imetulia.

Sasa naomba niseme langu, mhariri asilikate. Mimi ndiye ninayetunza vyombo vya chai hapa ofisini. Mwaka ule wa mnong'ono nilikitia kikombe cha Mzee Chenge alama ya rangi ya kucha kwenye kitako, kisije kikachanganyika na vyetu. Nilidhani hajaona. Hata kama angekuwa na ugonjwa ule tuliounong'ona, kosa langu lingekuwa lilelile. Mwaka jana dada Getruda aliniambia, bila hasira, kwamba mumewe aliiona alama siku ileile, na kesho yake ndipo alipoagiza sahani ya pili.

Mwenyewe hajanitajia hata siku moja. Kila asubuhi ameendelea kuniuliza mama yangu wa Muleba anaendeleaje.

Mzee wangu, nisamehe. Kwa niaba ya jineri nzima nakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja, na nawaombea wewe na dada Getruda uzee mrefu wenye amani. Mguu wako ulikuwa ukatwe kwa sababu ya midomo yetu, na Jumatano hii utatoka getini ukitembea kwa miguu yote miwili.

Kokugonza, Katibu Muhtasi