Hodi Kwenye Bomba Lililofungwa

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, mhandisi wetu mkuu wa usanifu, tuliyezoea kumwita Mama Majitaka, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Kalamu nimepewa mimi, fundi wa pampu. Mnivumilie, mkono wangu umezoea spana, na leo moyo nao ni mzito.

Jina hilo alipachikwa kwa dhihaka. Wenzake walikimbilia kusanifu madaraja ya kupigiwa picha, yeye akachagua majitaka. Hakununa. Mtambo huu wote wa kusafisha majitaka ni kazi yake, tangu chujio la kwanza linalonasa takataka hadi mabwawa ya mwisho. Siku ya uzinduzi upepo uligeuka, wageni wa heshima wakaziba pua. Akawaeleza kwa adabu kwamba harufu ile wameileta wenyewe, kazi yake ni kuiondoa tu. Lo, tulicheka! Mumewe naye hulalamika kwamba ana mume mwenza, tena wa zege.

Lakini hamu yake haikuishia mabwawani. Alitaka maji yale yasafishwe tena, yarudi kwenye mabomba ya watu, maana mji una kiu nasi tunayamwaga mtoni. Fedha hazikupatikana. Hata hivyo aliacha kiwanja kitupu cha kujengea mtambo huo wa pili, na bomba nene lenye kifuniko likikielekea. Wakubwa walitaka kulikata zaidi ya mara moja. Alilikingia kifua kama kuku mwenye vifaranga.

Kila jioni kabla ya kurudi nyumbani hupita pale, akagonga kifuniko na kusema hodi. Tulimtania kwamba mwenyeji hayupo. Yeye hujibu tu kwamba ipo siku.

Siku hiyo imekaribia. Mwezi huu wajenzi wameingia kiwanjani, wanachimba msingi kwa vipimo vyake vilevile. Maji yatapita mwakani, naye anaondoka Ijumaa. Inauma, tusidanganyane. Juzi nilimwona amegonga, kisha akaacha mkono wake juu ya kifuniko kwa muda mrefu.

Mama, asante kwa yote. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, mpe na mzee nyumbani zamu yake. Kifuniko hatutamruhusu mtu mwingine akifungue. Utakuja mwenyewe, utapiga hodi, nasi sote tutakuitikia: karibu.