Ndizi ya Mama wa Bel-Air

Bandugu zangu, munivumilie, juu haya inanishika mpaka leo. Ku kanisa yetu, mi njo nilikuwa mukubwa wa baombezi. Na maladi ya sukari nilikuwa nayo tangu zamani: sindano kila asubui, alafu kula.

Ile wakati basoda ba jeshi balikuwa banapora muji, nikasema tufunge siku tatu, bila chakula, bila maji. Ilitoka mu kinywa yangu mwenyewe.

Siku ya kwanza nikamukuta mama mumoja wa mutaa ya Bel-Air, naye mugonjwa wa sukari, anakula ndizi nyuma ya kanisa. Nilimufukuza mbele ya bantu bote. "Tumbo yako njo mungu yako!" Akaenda na ndizi yake mu mukono.

Kesho yake kuran ya umeme ilikuwa imekatika, dawa mu frigo inapata moto, na ma-farmasi yote balivunja. Nikajisemea: itaharibika bure! Nikapiga sindano yangu ya asubui yote, nikaenda kuomba na njaa. Munganga alinikataza ile kintu mara ngapi? Kichwa nguvu!

Mbele saa sita ya muchana ifike, jasho ikanitoka, mikono ikatetemeka. Nilijua, bandugu, nilijua! Lakini nitaomba sukari na uso gani, mi mwenye kufukuza mwenzangu? Nikaendelea na maombi. Nyuma ya pale akili ikapotea, nikaanza kutukana, mpaka pasta nilimutukana. Bakanilalisha chini, bantu bane, banafukuza pepo: "Toka! Toka!"

Yule mama alikuwa anaomba inje, ku dirisha. Akaingia, anasukuma bantu. "Muache! Haiko pepo, sukari yake njo inashuka!" Nilikuwa ningali naweza kumeza. Akaninywesha maji ya sukari, alafu akatoa ndizi mu kikwembe yake ya kujifunga, akanimenyea.

Nikaikula mbele ya bantu bote.

Akili iliporudi nikalia: "Mama, unisamehe." Akasema: "Maliza kwanza kula, utalia nyuma."

Aksanti kwake. Yeye iko hapa, hapendi nimutaje jina. Aksanti kwa munganga, alinigombeza vizuri. Bandugu, ukipiga sindano, kula. Ukisikia jasho na kutetemeka, usione haya, omba sukari mbio.

Mi natembea na sukari yangu mu fundo ya kikwembe. Na siku ya kufunga, njo mi nasimama ku mulango wa kanisa, nauliza kila muntu: "Uko na dawa ya kupiga? Basi rudia kwako, enda ukule."