Viateur Ntirenganya na Vidole Saba

Maneno yatakayosomwa kaburini, Goma, Alhamisi tarehe 11 Oktoba 1956, na kaka yake mkubwa Modeste

Ndugu, majirani, makarani wenzake, nanyi wazee mlioteremka kutoka milimani kwa miguu: tumekuja kumzika Viateur Ntirenganya. Msikilizeni Modeste mpaka mwisho, hata pale mtakapotamani anyamaze, kwa sababu hakuchagua mwenyewe yote yaliyoandikwa humu.

Viateur alizaliwa Kanyaruchinya tarehe 14 Machi 1924, mtoto wa pili wa Muzee Ndagijimana na Mama Laurence. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, papa yake alihamisha ng'ombe na nyumba hadi vilima vya Masisi, juu ya Sake. Viateur akabaki Rutshuru, kwenye shule ya misheni aliyoianza mwaka 1932, akawa anapanda kwao wakati wa likizo tu, na kila alipofika aliwachosha wazee kwa maswali. Kwa nini ndama ni wa huyu na maziwa ni ya yule? Nani alisema? Alikuwepo nani? Muzee Munyaneza aliwahi kumfukuza na fimbo, na leo yuko hapa analia.

Mwaka 1938 aliingia seminari ndogo, akakaa miaka minne. Padri mkuu ndiye aliyemwambia kwa upole kwamba mtu anayebishana na kila amri hatafaa kuwa padri, labda afae kwa mambo ya sheria. Viateur alirudi na sanduku lake na maneno hayo, akayatunza moyoni. Mwaka 1943 alipata kazi ya ukarani katika nyumba moja ya biashara hapa Goma, akaandika hati za mizigo ya kahawa na pareto kwa miaka kumi na mitatu. Hakuna hata siku moja aliyochelewa, isipokuwa ile ambayo Julienne, mtoto wake wa kwanza, alizaliwa.

Alifunga ndoa na Léoncie, dada ya Florent, Jumamosi tarehe 10 Januari 1948. Mungu aliwapa watoto watatu. Aprili 1952 alijiandikisha kusoma sheria ya biashara kwa njia ya posta, kutoka Ulaya. Masomo yalikuwa vitabu vitatu: cha kwanza mauzo, cha pili rehani na dhamana, cha tatu karatasi za ahadi, zile ambazo mtu anaahidi kulipa siku fulani na zinaweza kupita mkono hadi mkono kama noti. Hupewi kitabu kinachofuata mpaka umefaulu kile ulicho nacho.

Léoncie alikuwa mwanafunzi wake, apende asipende. Ili kufanya zoezi la kitabu cha kwanza, Viateur alimuuzia mke wake kuku mwekundu kwa mkataba wenye vifungu sita. Wiki tatu baadaye Léoncie alimfuata mezani, kuku kwapani, mkataba mkononi.

— Papa Julienne, hii kuku haitage. Hata yayi moya. Na hapa umeandika: kasoro yenye kufichama, muuzaji anarudisha feza.

— Ulijua kama kuku ni muzee.

— Kama ningejua, ningenunua?

Alirudisha pesa, na akamwambia kila mtu kazini kwamba mke wake amemshinda kwa sheria. Tulicheka sana mwaka ule.

Oktoba 1954 Florent alitaka kununua kamyo ya zamani, gari kubwa la mizigo la Bwana Zéphirin, mfanyabiashara mnayemjua, ili abebe maharage na kahawa kutoka Masisi. Hakuwa na pesa. Zéphirin alikubali karatasi ya ahadi: Florent atalipa yote kwa mara moja tarehe 31 Oktoba 1956. Aliomba jambo moja dogo tu, wazee wa ukoo wawepo na waweke vidole vyao, kwa heshima.

Ninyi mnajua tunavyofanya. Ng'ombe akibadilisha mwenyewe, wote waliokunywa pombe ya siku ile ni mashahidi, na mzee akisahauliwa katika ushahidi ametukanwa, anaweza kutokunywa pombe na ukoo mwaka mzima. Basi Jumapili tarehe 31 Oktoba 1954, baada ya misa, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilimiminwa, na Viateur, msomi wetu, mwenye vitabu viwili vya sheria kichwani, alisimama akawaita wazee saba kwa majina yao mbele ya watu wote.

— Bazee, mukuye muweke kidole. Mwenye amekunywa, aonekane!

Papa yake alikuwa wa kwanza. Alipangusa kidole kwenye koti lake la misa kabla ya kukitia wino, kwa kuwa mtoto wake ndiye aliyeita. Vidole saba vikakaa upande wa mbele wa karatasi, chini ya jina la Florent, na Viateur akaandika jina lake baada ya wote, na mstari mrefu chini yake. Zéphirin aliipuliza ikauke. Alishukuru mara tatu, na sisi tukamwona mtu mwenye adabu. Wapi!

Kitabu cha tatu kilifika Februari 1955. Léoncie alikuwa anachambua maharage mlangoni, Viateur yuko mezani, somo la nne. Ghafla Viateur alimwomba mke wake afunge mlango, mchana kweupe. Kitabu kilisema hivi: jina au alama yoyote iliyowekwa upande wa mbele wa karatasi ya ahadi, kama si ya mdeni wala ya aliyeitoa karatasi, inahesabiwa kuwa dhamana. Sheria ile haijui shahidi wa pombe. Aliyeweka kidole pale amesema: huyu asipolipa, nitalipa mimi. Tena kila kidole kinadaiwa deni zima, si fungu la saba. Mwenye karatasi anaweza kumchagua mzee yeyote, akamalizia kwake, ng'ombe na malisho.

— Mama Julienne, Viateur alisema, unajua mazuku ya kule Lac Vert? Ile hewa mubaya inalala ku shimo. Huione, haina harufu. Mbuzi inainama kula majani, haiinuke tena. Ile kartasi iko vile, na ni miye niliwaita.

Hata hivyo Viateur hakutaka kuamini. Alibadilisha majina, akaandika kisa kile kizima kama jibu la mtihani, akakipeleka posta. Juni jibu lilirudi na wino mwekundu: kumi na nane juu ya ishirini, sahihi kabisa. Hakuwahi kupata alama kubwa hivyo. Léoncie alianza kupiga vigelegele, akaona mume wake ameweka kichwa juu ya meza, analia kwa sauti.

Kamyo yenyewe ilikuwa imekwisha kufa, tangu Machi, karibu na Lac Vert. Fundi aliifungua akakuta mashine, injini yenyewe, ilipasuka zamani, imezibwa na kupakwa rangi juu. Viateur alipata tumaini, maana hiyo ilikuwa kasoro iliyofichwa, na kitabu cha kwanza kilikuwa upande wetu. Alivaa shati jeupe, akaenda dukani kwa Zéphirin.

— Bwana Zéphirin, ulituuzisha mashini yenye kupasuka. Turudishie kartasi.

— Karani, miye sina ile kartasi tena. Niliandika jina yangu ku mugongo, nikaiuzisha mutu wa Bukavu.

— Na yeye anajua habari ya kamyo?

— Atajulia wapi? Yeye alinunua kartasi, hakununua kamyo.

Ndivyo sheria ilivyo, na Viateur aliijua kabla hajaisikia. Ugomvi wa kamyo ni kati ya Florent na Zéphirin. Mtu wa Bukavu, aliyeinunua karatasi bila kujua neno, anadai kile kilichoandikwa tu, na kilichoandikwa ni vidole vya wazee wetu.

Hapa sisi familia tunasema wazi: alikosa. Alinyamaza zaidi ya mwaka mzima. Aliuza baiskeli, akauza kiwanja, akaandika barua Bukavu mara nne, akitoa jina lake na mshahara wake: njooni kwangu kwanza, waacheni wazee. Aliwaza atazima moto kabla mtu hajaona moshi. Bei ya kamyo ilikuwa mishahara yake ya miaka tisa. Sisi wachache tulipojua tulimkasirikia, na Modeste alimwambia maneno ambayo leo anayajutia. Agosti mwaka huu jibu lilifika, mistari miwili: tarehe ni tarehe, na mwenye karatasi atachagua mwenyewe wa kumdai.

Tarehe 17 Septemba aliomba ruhusa kazini, akapanda kwa miguu kupitia Sake kwenda kuwaambia wazee, mmoja mmoja, nyumbani kwake. Siku nne alifika nyumba sita. Mmoja alimtemea mate. Mwingine alidhani ni mzaha. Wa sita alikuwa Muzee Munyaneza.

— Mutoto, miye nilikunywa kikombe kimoya. Sasa banaweza kunikamatia ng'ombe zote?

— Zote, muzee. Ao za mwingine, yule mwenye batachagua.

— Na kwa papa yako ulifika?

— Bado.

Munyaneza alimpa maziwa, hakuyamaliza. Kutoka uani pale boma la Muzee Ndagijimana linaonekana ng'ambo ya bonde. Viateur alikaa juu ya jiwe tangu saa sita mpaka ng'ombe walipoanza kurudi. Alimwona papa yake akiwaita kwa majina, mmoja mmoja. Mvua ikaanza. Akasimama, akageuka, akateremka Sake bila kofia, hakuvuka bonde. Wale wazee sita walimwachia yeye neno la kumwambia papa yake.

Homa ilimwangusha tarehe 25 Septemba. Ilikuwa homa ya mapafu. Alilazwa hospitali siku kumi na nne, na Léoncie hakutoka kando yake. Alikata roho Jumanne tarehe 9 Oktoba 1956, saa moja asubuhi, akiwa na miaka thelathini na miwili. Siku mbili kabla alimshika Modeste mkono.

— Niliwaita mbele ya batu. Na weye useme mbele ya batu. Usiende kumunong'oneza papa ku nyumba.

Jana Zéphirin alikuja kwenye kilio, ameleta karatasi mpya ya kusogeza tarehe, anataka kidole cha Léoncie na cha Modeste na vya vijana. Jina lake liko mgongoni mwa ile ya kwanza, kwa hiyo naye anaweza kudaiwa, hapati usingizi. Yuko pale nyuma. Tunamkaribisha ale nasi, lakini karatasi ibaki mfukoni mwake. Viateur alikataza mtu yeyote wa nyumba hii asiongeze kidole, na ameacha kurasa tatu za kumpelekea hakimu kuhusu ile mashine. Hatujui kama zitasikilizwa kwa wakati. Zimebaki siku ishirini.

Viateur ameacha mke, Léoncie; watoto wake Julienne, Léopold na Marie-Claire; mkubwa wake Modeste; shemeji yake Florent, ambaye hajala tangu Jumanne; na mama yake, Mama Laurence.

Ameacha pia papa yake, Muzee Ndagijimana. Papa, ile siku ya kasiksi hukuwa shahidi. Kidole chako ni cha kwanza kwenye karatasi, na tarehe 31 wanaweza kuja kwako kabla ya wengine wote, wachukue ng'ombe, wote. Mtoto wako alikuja kukuambia, akakuona unawaita, akashindwa. Vijana mlio nyuma ya muzee, mshikeni.

Mungu ampokee Viateur wetu, ampe pumziko.