Fundi Malale na Amplifaya Mbili

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi Evarist Malale wa Shanwe, hapa Mpanda. Alikuwa fundi redio. Tumemzika Jumanne.

Twende kwenye Jumamosi moja ya mwaka 1994. Bendi ya mtaani ilikuwa na amplifaya ya gitaa ya miaka ya sitini, ile yenye taa za vioo ndani. Akaja mfanyabiashara Isidori na nyingine mpya kutoka Dar, imetengenezwa kwa kuigiza zile za zamani. Kitambaa kilekile, vitufe vya kuzungusha vilevile, ila ndani haina taa za vioo.

"Hazina tofauti," akasema. "Nipeni kuukuu, chukueni mpya."

Wanabendi wengine wakataka kubadilishana. Nashon, mpiga gitaa, akakataa. Wakakubaliana fundi Malale asikilize zote mbili zikiwa zimefunikwa vitenge. Akiitambua ya zamani, inabaki. Akishindwa, inaondoka.

Kumbe Malale masikio yalikuwa yanakufa. Miaka ishirini ya kujaribu spika. Aliyejua ni mkewe tu, mama Theopista. Ametuambia: "Nilimwambia, Baba Doto, sema unaumwa tumbo, usiende. Akanijibu, nisipoenda watauliza. Wakijua sisikii, nani ataniletea redio? Mtakula nini?"

Akaenda ukumbini. Akauma mpini wa bisibisi kwa meno, ncha akaigusisha kwenye boksi la amplifaya. Watu wakacheka.

"Fundi hajala tangu jana huyu."

Hawakujua ndivyo alivyokuwa anafanya kazi. Mlio ulimpandia kwenye taya.

Nashon akapiga ya kwanza. Akapiga ya pili. Sawa. Malale akaonyesha kidole: rudia. Sawa tena. Jasho likamshuka mpaka kidevuni.

"Mzee, sema umeshindwa tukale," akasema Isidori.

Mara mashine ya kusaga ya jirani ikawashwa. Umeme ukashuka, balbu ikawa nyekundu. Malale akaonyesha kidole haraka: rudia. Ya kwanza ilikaza vilevile. Ya pili ikazama kidogo, halafu ikapanda taratibu, kama mtu anavuta pumzi. Taa za vioo ndivyo zinavyofanya umeme ukipungua.

"Ya pili ndiyo ya zamani."

Vitenge vikatolewa. Kweli, ya pili.

Isidori akaja nyuma yake. "Fundi, nimekubali. Nipe mkono."

Malale hakugeuka. Akaitwa tena. Akaitwa mara ya tatu. Malale akaona nyuso zote zinamwangalia, akajua wameshajua.

Nashon akaweka gitaa chini. Akazunguka, akasimama mbele ya uso wake, akasema polepole.

"Mzee Malale, kesho nakuletea redio ya mama. Spika inakoroma."

"Ilete," akasema fundi. "Ila nyie msiifungue kwanza. Mnaniharibiaga."

Ililetwa. Na nyingine zikaja, mpaka kutoka Mwese, mpaka wiki aliyofariki. Watu walijifunza kumsemesha kwa mbele.

Mama Theopista, Doto na ukoo wote wa Malale, poleni sana. Tuko nanyi kwenye msiba huu. Na wewe unayesikiliza, labda jirani yako anaficha ugonjwa kwa sababu ya sahani ya watoto wake. Ukimgundua, usimtangaze. Mpelekee kazi.