Jinsi Nilivyookolewa kutoka kwa Uuguzi

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yesu, hata nyinyi mlioketi karibu na mlango ili mtoke mapema. Naitwa Mutuma, niko kidato cha nne, na Bwana amenitendea.

Ndugu zangu, yote yalianza na dada yangu Kendi, aliyemaliza chuo kikuu na digrii ya hesabu tumizi. Hapa kwetu Meru, digrii ni ile ambayo jirani anaweza kukuita nayo: daktari, mwalimu, wakili. Jumapili ya shukrani mchungaji aliwaita wasomi mbele kulingana na kazi zao, awabariki. Kendi akabaki kwenye benchi. Mama akamsukuma akasimame na walimu, na yeye, kwa heshima, akaenda akabarikiwa kwa ualimu ambao hakuusomea. Kanisa zima likaanza kumwombea apate shule. Naamini hata mbinguni walikuwa wanaulizana huyu ni nani.

Mwaka ukapita. Shule haikuja. Mama akanigeukia mimi, kwa kuwa nami napenda hesabu.

"Wewe utasomea uuguzi. Msomi mmoja wa kunikalia hapa ametosha."

Ndugu zangu, kuku wa Krismasi akichinjwa, mimi ndiye humwagiwa maji ili nizinduke. Nikaamua kufunga na kuomba. Nilifunga mpaka saa nne asubuhi.

Kumbe Kendi alikuwa ameomba kazi kwenye kiwanda cha chai. Majani ya chai yakikaa sana kwenye kituo cha kuyapokea hupata joto yakaharibika, na lori la kuyabeba kutoka kwetu lilikuwa likifika giza likiingia, mama na wachunaji wenzake wangali wameketi kwenye magunia. Kiwanda kikampa Kendi kazi ya kupanga malori: lipi lianzie wapi, na mvua ikinyesha lizungukie wapi. Wiki hiyo mama akarudi nyumbani jua likiwa bado juu, akauliza ni nani amemchapa dereva.

"Hakuna aliyechapwa, mama," Kendi akasema. "Ni mimi nilipiga hesabu."

Mama akavua viatu vya mvua polepole. Kisha akataka kujua wenzake Kendi wa chuo kikuu walienda wapi. Kendi akamwambia mmoja yuko kampuni ya bima, anakadiria hasara ya ukame kwa wakulima wa Gachoka. Mwingine yuko benki. Mwingine anaandika programu za kompyuta. Mwingine yuko na watafiti, anakisia malaria itapanda wapi. Kuna ambao bado wanatafuta, na hilo hakulificha.

"Na walimu?"

"Mmoja. Huyo alisomea ualimu pia."

Mama akanigeukia. "Haya Mutuma, soma hizo hesabu. Lakini ukirudi kukaa hapa, utachuna majani."

Ndugu zangu, nimewekwa huru, na wagonjwa wa kaunti hii wamewekwa huru pia, ni vile tu hawajui. Namshukuru Mungu, na mama, na dada yangu. Na wewe mzazi ambaye mtoto wako amesomea kitu usichokielewa, mtumaini Bwana, anasikia. Ila muulize mtoto kwanza, ujue unamwombea nini. Amina.